Hema Penye Pwani ya Barafu

Watu wengi hudhani ya kuwa kusafiri hata nchi za barafu ni jambo la matajiri peke yao, na kwa sehemu kubwa hawakosei. Meli za watalii zipitazo katika bahari za kaskazini hutoza nauli ambayo mwalimu wa shule hawezi kuilipa hata kwa mshahara wa mwaka mzima. Lakini iko njia moja iliyo nafuu, nayo ni gari na hema. Tangu tarehe 15 Novemba 2017 mtu aweza kuendesha gari katika nchi ya Kanada hata akafika kwenye Bahari ya Aktiki yenyewe, pasipo kupanda meli wala ndege. Barabara hiyo yakoma katika mji mdogo uitwao Tuktoyaktuk, wenye watu wapatao 900 tu, nasi tulikwenda huko mwezi wa Julai, tukalala hemani siku nne. Twawaandikia habari zake, si kwa kuwa twadhani wengi wenu mtakwenda, bali kwa sababu mambo tuliyoyaona huko yawahusu watu wote wakaao kando ya maji, na moja katika hayo lawahusu hasa watu waliosomeshwa na misheni.

Kwanza jina. Wenyeji wa pwani ile ni Wainuvialuit, maana yake watu wa kweli, nao ni wa jamaa ya Wainuit. Katika lugha yao Tuktoyaktuk ni mahali panapofanana na karibuu, yaani yule mnyama wa nchi za baridi mwenye pembe zilizotawanyika kama matawi ya mti. Wazee husimulia kwamba zamani mwanamke mmoja aliwaona karibuu wakiingia majini, wakageuka mawe, na mawe hayo huonekana bado maji yapunguapo. Mtu wa kwetu akilisikia jina la mnyama huyu hawezi kujizuia kucheka, maana kila tulipouliza ni nyama gani iliyo katika sufuria, jibu lilikuwa kana kwamba twakaribishwa. Wazungu waliuita mji ule Port Brabant, lakini mwaka 1950 ulirudishiwa jina lake la asili, nao wahesabiwa kuwa wa kwanza katika Kanada kutendewa hivyo. Wenyewe hulifupisha, husema Tuk.

Tulianzia Whitehorse, kwa ndugu mmoja wa kwetu aliyehamia Kanada miaka mingi iliyopita. Yeye na mkewe walitoa gari lao na hema lao, wakafuatana nasi. Na pasipo ukarimu huo safari hii isingekuwa ya gharama ndogo hata kidogo. Tukapita karibu na Dawson, mji wa wachimba dhahabu wa mwaka 1898, na hapo ndipo ianzapo barabara ya Dempster iliyofunguliwa mwaka 1979. Hii ni njia ya changarawe yenye urefu wa kilomita zipatazo 740 hata mji wa Inuvik. Mawe yake ni makali, hukata mipira ya gari kama kisu. Kwa hiyo tulichukua mipira miwili ya akiba, na mmoja tuliutumia siku ya pili. Petroli hupatikana Eagle Plains, karibu na nusu ya njia, na mtu akipapita hapo pasipo kujaza tangi ajue la kufanya. Mito miwili mikubwa, Peel na Mackenzie, haina madaraja. Wakati wa kiangazi pantoni huyavusha magari bila malipo. Wakati wa baridi magari hupita juu ya mto wenyewe ulioganda. Na katikati ya majira hayo mawili, barafu inapoanza kushika au inapovunjika, hakuna apitaye. Watu wa kule hupanga manunuzi yao na harusi zao na safari za hospitali kwa kuufuata mto, kama wakulima wetu waifuatavyo mvua.

Usiku wa kwanza tulilala katika kambi ya serikali penye milima ya Tombstone, ambako kuni hutolewa pamoja na ada ya kiwanja. Habari za mbu wa njiani hatutazieleza kwa urefu. Wenye kukaa Kilombero wadhani wawajua mbu. Tuseme tu kwamba wa kule ni wakubwa zaidi, hawana malaria, na wakati wa Julai wanaweza kuuma mchana na usiku, kwa kuwa usiku wenyewe haupo.

Inuvik ni mji uliojengwa katika miaka ya 1950 kwa kuwa mji wa zamani, Aklavik, uliingiliwa na maji ya mto mara kwa mara. Lipo kanisa la Wakatoliki lenye umbo la duara kama nyumba ya theluji, lililokamilika mwaka 1960, na ndani yake Njia ya Msalaba imechorwa na Mona Thrasher, mwanamke wa kaskazini ile ile. Tulikaa mbele ya picha zile muda mrefu kuliko tulivyokusudia. Nje ya kanisa tukaona jambo jingine lililotushangaza: mabomba ya maji na ya maji machafu hayakuzikwa chini, bali yapita juu ya ardhi ndani ya masanduku marefu, kutoka nyumba hata nyumba, kama reli. Sababu yake tuliielewa vema tulipofika Tuk.

Kutoka Inuvik hata Tuk ni kilomita kama 138. Zamani hapakuwa na njia ila wakati wa baridi, magari yalipopita juu ya barafu ya mto na ya bahari. Njia ile ya barafu ilifungwa kwa mara ya mwisho mwezi wa Aprili 2017. Barabara mpya haikujengwa kama zijengwavyo barabara zetu. Kwetu mkandarasi huanza kwa kukwangua udongo wa juu hata apate pagumu. Kule, akiukwangua, pagumu pote pangeyeyuka. Basi walifanya kazi wakati wa baridi kali, ardhi ikiwa ngumu kama chuma. Wakatandika kitambaa kizito juu ya majani bila kukata kitu, kisha wakamwaga changarawe juu yake kwa unene upitao mita moja, ili baridi iliyo chini ibaki chini. Gari hupita juu ya blanketi. Miti ilituacha muda kidogo baada ya kutoka Inuvik. Kwanza ikawa mifupi kama watoto, halafu imeinama, halafu hakuna tena, ila majani, mawe, na maziwa yasiyo na hesabu.

Mji wenyewe ni mstari wa nyumba za mbao juu ya nguzo, kati ya ghuba na bahari. Ipo kambi ya wageni kwenye ncha ya nchi iingiayo baharini, mahali wenyeji wapaitapo kwa jina la Ncha tu. Tukaenda kwanza kwenye ofisi ya wageni, tukalipa ada ndogo, tukapewa nafasi yenye meza ya mbao na mahali pa kuwashia moto. Ubao mkubwa umesimamishwa hapo kuonyesha kwamba mtu amefika Bahari ya Aktiki, na wageni wote hupiga picha chini yake, kisha huvua viatu, huingiza miguu majini, hupiga kelele, hutoka. Nasi tulifanya hivyo hivyo. Maji si ya buluu kama yalivyo katika picha za vitabu. Ni ya rangi ya udongo, wala hayana chumvi nyingi, kwa sababu mto Mackenzie humwaga maji yake karibu na hapo, nao ni mto mkubwa kuliko yote ya Kanada.

Mto huo huo ndio uliotupa kuni. Pwani isiyo na mti hata mmoja imejaa magogo! Hayo yameng'olewa katika misitu ya kusini, yakachukuliwa na mto umbali mrefu sana, yakatupwa ufukoni, meupe na makavu kama mifupa. Tangu kale Wainuvialuit walijenga nyumba zao kwa magogo hayo, wakazifunika kwa mabonge ya udongo wenye majani; imejengwa moja mjini kwa mfano wa zile za zamani, nasi tuliingia tukaona jinsi upepo unavyonyamaza ghafula mtu apitapo mlangoni. Hema letu halikuwa na sifa hiyo. Upepo wa Ncha hautulii. Vigingi vyetu viliingia shubiri moja tu, kisha vikagonga kitu kigumu, navyo tukavipiga hata vikapinda. Tulidhani ni mwamba. Kijana mmoja aliyekuwa akitengeneza mashua karibu akatucheka kwa upole, akatuambia ya kuwa siyo mwamba, ni barafu. Akatuletea magogo manne mazito, tukazifunga kamba za hema juu yake, na hema likasimama.

Jua halikuchwa siku zile zote. Tangu mwezi wa Mei hata karibu na mwisho wa Julai halichwi kabisa; huzunguka mbinguni kama ng'ombe aliyefungwa kamba kwenye kigingi. Tulisoma barua saa sita za usiku pasipo taa. Watoto wa mji walicheza mpira saa nane za usiku na hakuna aliyewaita ndani. Shemeji yetu alitundika blanketi jeusi juu ya hema ili tupate usingizi, nasi twamshauri kila aendaye afanye vile vile, au achukue kitambaa cha kufunga macho. Vyakula vyote tulivifungia garini, maana dubu hupita katika nchi ile, na hema si ukuta. Mavazi ya joto yalitusaidia kuliko kitu chochote: ingawa mchana palikuwa na joto kama asubuhi ya Lushoto mwezi wa Julai, upepo ukigeuka kutoka baharini mtu huvaa kila alicho nacho.

Katika habari ya fedha, wasomaji, tuseme wazi. Kiwanja cha hema kilikuwa rahisi, kuni zilikuwa bure, pantoni ilikuwa bure. Petroli ilimeza sehemu kubwa ya akiba yetu. Na dukani bei za vyakula zilitufanya tusimame kimya, kwa maana karibu kila kitu huletwa kutoka mbali sana. Mgeni hulipa siku nne, tena akija na unga wake na maharage yake kutoka kusini, kama sisi, halipi sana. Lakini mama wa pale hulipa bei hiyo mwaka mzima. Ndiyo sababu samaki na karibuu na nyangumi si mchezo wala desturi ya kuonyesha wageni, ndicho chakula. Mwezi ule wa Julai watu walikuwa wakivua nyangumi weupe. Bibi mmoja mzee, ambaye kwa adabu ya kwetu tulimwita Bibi tangu siku ya kwanza, alikuwa na kibanda cha kukaushia samaki kwa moshi. Alitupa samaki mkavu, na vipande vidogo vya muktuk, yaani ngozi ya nyangumi pamoja na mafuta yake. Samaki tulimsifu kwa moyo wote. Muktuk tuliitafuna muda mrefu, kwa heshima.

Bibi huyu alipopata habari kwamba vigingi vyetu vilikataa, alitueleza nchi yake kwa maneno machache. Chini ya majani, akasema, kuna barafu, na chini ya barafu kuna barafu. Ndiyo maana nyumba zote zasimama juu ya nguzo: nyumba ikigusa ardhi, joto la jiko huiyeyusha, nayo huzama upande mmoja. Ndiyo maana maji ya kunywa huletwa kwa lori hata kwenye tangi la kila nyumba, na lori jingine huja kuchukua maji machafu. Katika miaka ya 1960 watu wa mji walichimba ghala ndani ya udongo ule ulioganda, mita zipatazo 9 kwenda chini, yenye vyumba vya jamaa mbalimbali, wakahifadhi humo nyama na samaki pasipo mashine yoyote. Siku hizi wageni hawaruhusiwi kushuka. Tuliuona mlango wake tu: kibanda kidogo cha mbao, ambacho mtu angekidhania choo.

Kazi nyingine ya barafu hiyo yaonekana kutoka mbali. Kusini-magharibi mwa mji vyasimama vilima vya duara juu ya nchi tambarare, mfano wa vichuguu vya majitu, vyaitwa pingo. Kikubwa chao ni Ibyuk, chenye mita 49, cha kwanza kwa urefu katika Kanada na cha pili duniani. Kilima hiki ndani yake ni barafu tupu. Ziwa likikauka, baridi hushuka katika mchanga wake wenye maji, huyabana maji yaliyobaki, nayo yakikosa pa kwenda husukuma juu na kuganda, mwaka baada ya mwaka. Hata udongo ukainuka kama mkate tanurini. Ibyuk ina umri upatao miaka elfu moja, na bado yakua, kama sentimita mbili kwa mwaka. Bwana J. Ross Mackay, mtaalamu wa Kanada aliyefariki mwaka 2014, alirudi katika vilima hivi tangu miaka ya 1950 kwa miongo mingi ili kuvipima. Ninyi waalimu mfundishao habari za volkano zetu, hapa mna mlima wa namna nyingine wa kuwaambia watoto: ule wainuliwa na moto, huu na baridi. Tangu mwaka 1984 mahali hapo panalindwa na serikali, na watu huombwa wasivipande vilima hivyo, kwa kuwa nyayo zikichubua majani juu yake, jua hupata mlango.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe. Siku ya pili tulitembea ufukoni kutoka hema letu, tukaona ukingo wa nchi umekatika kama mkate. Juu ni majani; chini yake udongo mweusi; chini ya udongo, barafu inayong'aa, ikitoa matone. Mawimbi huigusa barafu hiyo, huiyeyusha kutoka chini, na nchi iliyo juu yake huanguka vipande vipande pamoja na majani na maua yake. Zamani barafu ya bahari ilikaa muda mrefu zaidi katika mwaka, ikayazuia mawimbi kama mkono wa mzazi. Siku hizi bahari hufunguka mapema na kufungwa kwa kuchelewa, na dhoruba za mwisho wa kiangazi hukuta pwani haina kinga. Nchi za Aktiki zaongezeka joto upesi mara kadhaa kuliko dunia kwa jumla. Watu wa Tuk wametia mifuko ya mchanga, wametia mabamba ya saruji, wametia mawe makubwa. Bahari imeyapita yote kwa subira. Mwaka 2020 nyumba zilizokuwa penye Ncha zilipakiwa juu ya magari, zikahamishiwa ndani ya nchi. Tulionyeshwa mahali zilipokuwa. Nguzo chache tu zimebaki, na mtu aweza kusimama kwenye kilichokuwa uwanja wa nyuma wa nyumba ya jamaa, akachungulia maji chini ya miguu yake.

Mbele ya bandari kipo kisiwa kirefu chembamba, nacho ndicho kinachoukinga mji. Chaliwa yapata mita mbili kwa mwaka. Wanaopima hukisia kwamba yapata katikati ya karne hii kitakatika, na siku hiyo mawimbi ya bahari kuu yataingia bandarini. Mazungumzo ya kuuhamisha mji yapo, lakini msiyadhanie mepesi. Wengine husema, tuondoke mapema wakati serikali ina fedha na sisi tuna nguvu. Wengine husema, makaburi yetu yako hapa, na mwenye kuhama kwa hofu ya bahari atafuata samaki wapi? Vijana wa mji walitengeneza filamu juu ya mambo haya, wakaiita Happening to Us, wakaenda kuionyesha Madrid mwezi wa Desemba 2019 katika mkutano mkuu wa mataifa juu ya hali ya hewa. Tulikuwa tumelipa ada ya watu wa kipato kidogo ili tulale juu ya ardhi ile, nasi tulikuwa na ruhusa ya kung'oa hema siku yoyote. Jirani zetu hawakuwa na ruhusa hiyo. Usiku ule wenye jua tulilala kidogo, tukisikiliza.

Je, barabara imewaletea heri? Tuliuliza, tukapata majibu mawili kwa watu wale wale. Imepunguza taabu ya kuleta mizigo, imeleta wageni wanunuao samaki na kazi za mikono. Pia imeleta magari yapitayo kwa kasi mbele ya watoto, na watu wachunguliao madirishani kana kwamba nyumba ni makumbusho. Mgeni na asipige picha ya mtu, wala ya nyama iliyoanikwa, kabla ya kuomba. Na ajue kwamba mzee wa Tuk akikaa kimya baada ya swali, hajakasirika, anafikiri. Sisi tuliokua miongoni mwa wazee wa namna hiyo tulikuwa nyumbani katika jambo hili moja.

Karibu na kanisa la Wakatoliki imesimamishwa nchi kavu merikebu ndogo ya mbao, imepakwa rangi, na jina lake ni Our Lady of Lourdes. Katika miaka ya 1930 na 1940 ilisafiri pwani ile kupeleka unga na mafuta na barua kwenye vituo vya misheni vilivyokuwa mbali mbali. Tulipoiona mara ya kwanza tulifurahi, maana sisi sote tumelelewa kwa hadithi za wamisionari na mashua zao. Lakini merikebu hiyo haikuchukua unga peke yake. Ilichukua pia watoto, kuwapeleka kwenye shule za bweni za misheni zilizokuwa Aklavik, na wengi wao hawakuwaona wazazi wao muda wa mwaka, au miaka. Shule hizo zilikuwa za Wakatoliki na za Waanglikana. Na mwaka 1959 yalifunguliwa mabweni mawili makubwa Inuvik, la hawa na la hawa. Katika Kanada yote watoto wapatao 150,000 walipita katika shule za namna hiyo. Walikatazwa lugha zao. Wengi walipigwa, wengine walitendewa maovu tusiyoweza kuyaandika katika jarida la jamaa, na wengine walikufa huko huko.

Hatusemi haya kwa kuwasingizia waliotuletea Habari Njema. Wenyewe wameyakiri. Kanisa la Waanglikana la Kanada liliomba radhi mwaka 1993. Serikali iliomba radhi katika bunge tarehe 11 Juni 2008. Tume ya Ukweli na Upatanisho iliwasikiliza mashahidi kwa maelfu, ikamaliza kazi yake mwaka 2015. Na tarehe 29 Julai 2022 Baba Mtakatifu Fransisko alifika Iqaluit, mji mwingine wa pwani ya kaskazini, akawaomba msamaha Wainuit waliosoma katika shule hizo. Baadhi yetu tunakumbuka kibao kilichotundikwa shingoni mwa mtoto aliyesema lugha ya mama yake katika uwanja wa shule. Kwetu jioni mtoto yule alirudi nyumbani, akaisema lugha ile kwa kushiba. Tulipomuuliza Bibi jina la samaki aliyetupa, alilitaja katika Kiinuvialuktun, kisha akanyamaza, akatafuta neno la moshi, hakulipata, akalisema kwa Kiingereza. Mjukuu wake, msichana wa miaka kama kumi, aliyekuwa akikata samaki kando yake, akamtajia neno lile. Amelijifunza shuleni. Siku hizi shule ya Tuk hufundisha lugha ya wenyeji.

Bibi akalirudia neno mara mbili, akacheka, akampiga msichana kidogo begani kwa mkono wenye magamba ya samaki.

Jumapili tulikwenda ibadani. Watu walikuwa wachache, maana wengi walikuwa kwenye kambi za uvuvi, na hilo halikumkasirisha mtu. Wimbo mmoja tuliutambua kwa sauti yake, tukauimba kwa Kiswahili, nao kwa maneno yao, na pembeni mtoto mmoja alitutazama vinywa vyetu tangu beti la kwanza hata la mwisho.

Asubuhi ya Jumatatu tulizifungua kamba kutoka yale magogo manne, tukampelekea yule kijana kuni zilizobaki na nusu ya mfuko wa maharage. Maharage aliyatazama kama sisi tulivyoitazama muktuk. Kisha tukaendesha siku nzima, miti ikaanza kurudi mmoja mmoja, na jioni tukafika mto Mackenzie. Pantoni ilikuwa upande wa pili. Tukazima gari, shemeji akawasha jiko, na maji ya chai yalikuwa yamechemka kabla haijafika.